"Ameshika" si "has held"

Ndugu Mhariri,

Kuna kosa moja la Kiingereza linalozaliwa na Kiswahili chetu wenyewe, na kulifuta kwa wino mwekundu bila maelezo hakusaidii.

Mwanafunzi akitaka kusema "nahodha ameshika kamba" huandika "The captain has held the rope". Ameona -me-, akakumbuka kwamba -me- ni "has". Lakini shika ni ndugu wa lala, vaa na simama: ameshika maana yake kamba imo mkononi sasa hivi. Kiingereza hapo kinataka "is holding". "Has held" humwacha msomaji akingoja atajiwe muda, "for an hour" kwa mfano. Mwalimu amuulize mtoto: kitu bado kimo mkononi? Kama kimeshaachwa ni "held", kamwe si "holded".

La pili ni la viungo vya mwili. Sisi husema "alimshika mkono", basi, mtu na mkono wake vimekaa pamoja bila kiungo. Ndipo inapotoka "He held him the hand". Mwingereza huweka "by the" katikati: "held him by the hand", "grabbed him by the collar" kwa aliyekwidwa ukosi. "He held his hand" nayo ni sahihi, ila haisemi wazi ni mkono wa nani.

Tena shika tumeitwisha mzigo mkubwa. "Hold" haina nguvu wala haraka. "Grip" ni kukaza vidole, kama abiria wa bodaboda anavyong'ang'ania chuma cha nyuma kwenye kona. "Clutch" ina hofu ndani yake: mama aliyebana pochi kifuani kwenye msongamano wa Ngamiani hapa Tanga. (Klachi ya gari ni neno hilohilo.) "Grab" ni kunyakua ghafla, si lazima wizi, "snatch" ni kukwapua. Forodha wakikamata magendo bandarini, mali ni "seized", mwenye mali ni "arrested".

"Catch" ni kudaka. Ukimwambia jirani kwenye daladala "Catch my bag, please", atakaa tayari begi lirushwe.

Wakati uliopita wa "grip" na "grab" hurudufu herufi ya mwisho: "gripped", "grabbed". "Catch" ni "caught", "cling" (kung'ang'ania) ni "clung".

Halafu kuna kale ka-"at" kanakorukwa na wengi. "He grabbed the rope": kamba ameipata. "He grabbed at the rope": amepeleka mkono tu, huenda ameikosa. Mfa maji wetu hutapatapa; wa Kiingereza "clutches at straws", ananyakia mabua, na ni hiyo "at" inayotuambia hayatamwokoa.

Tunaomba kurasa za masomo magazetini ziache kuchapa "hold: shika" peke yake. Wekeni sentensi nzima, yenye mtu, kitu na wakati.

Walimu wa Kiingereza,
Tanga