Durga Puja: mahali pa kukutana pamebadilika

Habari za jioni wapendwa,

Matembezi yetu ya Durga Puja (sherehe ya Kihindu ya mungu wa kike Durga) hapa Kolkata yako palepale, jioni ya Saptami, yaani siku ya saba ya sherehe, ila hatukutani tena College Square. Mwaka jana mlijionea: watu walibanana mpaka nikarudi hosteli na ndala moja.

1. Saa 11 jioni, nje ya kituo cha metro cha Shobhabazar Sutanuti. Saa 11 na robo tunaondoka.

2. Tunaanza Kumartuli, kwenye vichochoro vya mafundi wanaoumba sanamu za Durga kwa mianzi, majani makavu na udongo wa mto. Kisha Bagbazar, ambako sherehe ya mtaa huo ilianza 1919: Durga mwenye mikono kumi, simba wake, na jini-nyati amechomwa mkuki kifuani. Hapo tusimame tusikilize ngoma za dhak, msianze kunivuta. College Square tunamalizia, taa zikimulika bwawani.

3. Mchango rupia 300: nauli, maji na phuchka, vitafunwa vya mtaani (pilipili ni juu yako). Apewe mhazini kabla ya Alhamisi. Ambaye mfuko umekaza aniambie pembeni, tutaelewana.

4. Vaeni viatu vya kutembelea. Penye ibada tunavua, na hatupigi watu picha bila kuomba.

Kurudi msihofu, siku hizo metro hukesha.

Andika NIPO au SIPO kabla ya Jumatano saa 2 usiku. Ukikaa kimya nahesabu huji.

Asanteni sana.