Barua ya wazi kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani: huruma ya trafiki iandikwe

Kwako Mheshimiwa Kamanda,
Kikosi cha Usalama Barabarani,
Jeshi la Polisi Tanzania.

YAH: KUACHIWA KWETU BARABARANI

Afande, kwanza nakuamkia kwa heshima. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa tisa juu ya pikipiki. Nilianza na chombo cha mkataba, nikipeleka hesabu kwa bosi kila jioni, na sasa naendesha cha kwangu. Najua kwamba barua nyingi zinazotoka kwetu kuja ofisini kwako huwa za malalamiko ya kukamatwa, kuandikiwa faini na kushikiliwa kwa pikipiki vituoni. Yangu inahusu jambo ambalo kwenye vijiwe vyetu tunalizungumza kila siku lakini hatuliandiki popote, nalo ni kuachiwa. Katika miaka hii tisa nimesamehewa mara nyingi kuliko nilivyoadhibiwa, na nikizikumbuka mara hizo moja baada ya nyingine naona kwamba zipo zilizonifanya dereva bora, zipo zilizoniharibu, na zipo ambazo hata leo sijui kama zilikuwa huruma au deni.

Niruhusu nianze na iliyonifaa. Mwaka wangu wa kwanza, jioni moja giza likiwa limeanza kuingia, nilisimamishwa na askari wa makamo kwenye Barabara ya Morogoro. Alikagua leseni na bima, akazikuta ziko sawa, kisha akazunguka nyuma na kukuta taa haiwaki. Akaniuliza nimepata kiasi gani tangu asubuhi. Nilikuwa na shilingi elfu sita mfukoni na hesabu ya bosi ilikuwa elfu kumi, na nilimweleza hivyo bila kuongeza chumvi, kwa sababu uso wangu tayari ulikuwa umeshamweleza. Hakuniandikia, wala hakuniambia niende zangu. Alibaki na leseni yangu, akanielekeza duka la spea lililokuwa ng'ambo ya barabara, nikanunua balbu, nikaazima bisibisi kwa fundi, nikaifunga pale pale mbele yake. Alisubiri mpaka ilipowaka, akanirudishia leseni na kusema kwamba faini ingekwenda serikalini nami ningekwenda gizani. Tangu siku ile sijawahi kutoka na pikipiki jioni bila kuinama kuangalia taa ya nyuma.

Sasa nikupe ya pili, ambayo kwa siku nyingi niliihesabu kuwa wema. Asubuhi moja ya mvua nilimbeba mama mmoja na mtoto wake wa shule, mtoto katikati, yaani ule ubebaji ambao mtaani tunauita mishikaki. Kofia ngumu ilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeivaa mimi. Askari alitutazama, akaona sare ya mtoto inavyolowa, akapunga mkono tupite. Yule mama alimshukuru kwa sauti, nami nikamshukuru kwa honi. Sikumlaumu wakati ule na hata sasa siwezi kumlaumu kwa urahisi, maana nani angemshusha mtoto kwenye tope asubuhi ile? Lakini kesho yake mvua haikunyesha na nilibeba vilevile, na keshokutwa pia, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kwamba mahali pale mishikaki inapita.

Kofia ngumu, Afande, ndiyo mahali ambapo upole wa askari wako umetuzidi. Kanuni za mwaka 2010 za leseni za usafirishaji kwa pikipiki zilitutambua rasmi kama watoa huduma, na ndani ya huduma hiyo kuna abiria ambaye kichwa chake ni sawa na changu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba kofia nzuri, iliyovaliwa sawasawa na kufungwa mkanda, hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takribani asilimia 40 na majeraha makubwa ya kichwa kwa takribani asilimia 70. Ukikaa nusu saa kwenye makutano yoyote ya jiji hili utaona kofia ya abiria imening'inizwa kwenye usukani kama pambo, au imevaliwa kiwikoni, au haipo kabisa. Abiria wana sababu zao, nywele zimetoka kusukwa, kofia ina jasho la watu kumi waliotangulia, safari ni fupi, na sisi madereva hatusukumi sana kwa sababu abiria akikasirika anahamia kwa mwenzako. Mtu pekee anayeweza kumaliza ubishi huo ni askari, na askari anatupungia mkono. Nimewahi kwenda pale Muhimbili, Taasisi ya Mifupa, kumwangalia mwenzangu wa kijiweni aliyevunjika mguu, na nilichokumbuka kwa muda mrefu baada ya hapo ni kitanda cha jirani yake, alikolala abiria wa bodaboda nyingine ambaye hakuwa akiwatambua ndugu zake waliokuja kumwona.

Ninachotaka kukieleza ni hiki, kwamba huruma ya trafiki ipo nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila imekaa upande usiokuwa wake. Tunabanwa sana kwenye karatasi na tunalegezewa kwenye yale yanayoua. Stika ya bima ikipitiliza siku mbili, au kadi ya pikipiki nikiisahau nyumbani, nitasimama juani na nitaandikiwa. Taa nyekundu nikiipita mbele ya askari huyohuyo dakika kumi kabla, huenda asinitazame mara mbili. Madereva wa magari wanalalamika kwamba bodaboda haguswi, na wenzangu wananuna wakisikia hivyo, lakini mimi nakiri kwamba kwenye mataa maneno yao yana ukweli.

Sababu zake nazielewa, na sitaki kuandika kana kwamba askari ni wavivu. Karatasi hukaguliwa pikipiki ikiwa imesimama, mataa hukiukwa pikipiki ikiwa inakimbia, na kumkimbiza dereva wa pikipiki aliyeingiwa na hofu ni kutafuta maiti. Askari mwenye busara anamwacha apite, na hapo yuko sahihi kabisa. Tena akimkamata mmoja karibu na kijiwe, baada ya dakika mbili wamemzunguka ishirini, wakipiga honi na kurekodi kwa simu. Kuna na siasa pia. Sisi ni wengi, tunapiga kura, tunasindikiza misafara ya kampeni, tunaitwa maafisa usafirishaji majukwaani, na kiongozi akisema hadharani kwamba vijana waachwe watafute riziki, askari wa barabarani anasikia kama tunavyosikia sisi. Baada ya hotuba ya namna hiyo kijiwe chetu huendesha vibaya zaidi kwa wiki nzima. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kisha kuna kuachiwa kwa aina ya tatu, ambako naomba nikueleze kwa uangalifu, bila kutaja mtu wala kituo, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki yeyote. Kuna askari aliyeniachia kwa kosa la kweli, nilikuwa nimepita upande usio wangu, na sikutoa hata senti. Baada ya siku chache akaniita nimpeleke mahali, sikumdai nauli. Wiki iliyofuata akanipa mzigo nimfikishie mtu. Mwezi ulipoisha nilikuwa nimempeleka nyumbani mara ambazo ukizijumlisha zinazidi faini yenyewe mara tatu, na kila nilipoonyesha kusita alinikumbusha, kwa tabasamu na kama utani, kwamba siku ile alinisaidia. Hakuna mtu aliyeomba rushwa hapo. Neno lenyewe halikutajwa. Lakini msamaha usioandikwa popote hubaki mikononi mwa aliyeutoa, naye anaweza kuudai wakati wowote na kwa kiwango chochote anachotaka.

Na usioandikwa haugawanyiki sawa. Mimi mwenye miaka tisa barabarani najulikana kwa jina, najua zamu zinavyobadilika, najua askari yupi anapenda kuamkiwa na yupi anapenda uende moja kwa moja kwenye kosa. Kijana aliyetoka mkoani mwezi uliopita, akaanza na pikipiki ya mkataba, hajui lolote kati ya hayo. Anajibu kwa woga, woga unaonekana kama kiburi, anaandikiwa. Kosa ni moja, kioo cha pembeni kilichovunjika, mimi nimeambiwa nikaweke kingine na yeye amepoteza hesabu ya siku.

Hali hii ya kulegeza bila utaratibu ndiyo inayozaa zile operesheni ambazo kila mtu huzichukia, nyinyi mkiwemo, nadhani. Sheria inalala miezi sita, tunajenga mazoea juu ya usingizi wake, halafu asubuhi moja inaamka na rungu. Katazo la bodaboda kuingia katikati ya jiji la Dar es Salaam lilitangazwa mwaka 2014, na mwaka 2022 lilitangazwa tena kana kwamba ni jambo jipya. Katikati ya miaka hiyo tuliingia na kutoka kadiri tulivyoachiwa. Njia za mabasi ya mwendokasi ni hivyohivyo. Tangu mabasi hayo yalipoanza kubeba abiria mwaka 2016 tunajua haturuhusiwi humo, na wenzetu wamefia humo, lakini asubuhi foleni ikikaza tunaingia, kwa sababu jana tuliingia na hakuna aliyesema kitu. Siku ya operesheni wanaokamatwa si wabaya kuliko wengine, ni waliokosa kupata habari kwenye kundi la WhatsApp.

Mfano wa huruma iliyowekwa vizuri tunao, na ulitoka serikalini. Mpaka katikati ya mwaka 2021 faini yetu ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja, sawa na basi lililojaa abiria, ingawa sisi tunabeba mmoja. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 ikashushwa hadi shilingi 10,000 kwa pikipiki na bajaji. Huo ulikuwa ulegezaji, tena mkubwa, lakini uliandikwa, ukatangazwa, na ukamfikia kijana wa mkoani sawa na mimi. Hakuna aliyedaiwa lifti kwa ajili yake.

Ombi langu linafuata hapo. Askari wako tayari wanatumia mashine za mkononi kuandika faini, na deni la faini linaonekana kwenye mfumo kwa namba ya chombo. Naomba mashine hiyohiyo itumike kuandika onyo. Askari akiamua kunisamehe kwa balbu, kwa indiketa au kwa kioo, aingize leseni yangu, kosa lenyewe, na muda wa kurekebisha, tuseme siku tatu, bila malipo. Askari mwingine akinisimamisha kesho ataona kwamba nilishaonywa, na nikiwa sijarekebisha aniandikie bila mjadala. Onyo likishakuwa kwenye mfumo, aliyenipa hana cha kunidai, nami sina cha kumficha. Nanyi makao makuu mtajua kwa mara ya kwanza ni askari gani husamehe, husamehe nini, na husamehe nani, jambo ambalo leo naamini hata wewe, Afande, huwezi kulijua.

Na yapo ambayo naomba yasisamehewe kabisa, hata kwa onyo: taa nyekundu, mishikaki, abiria asiye na kofia, pombe, na njia ya mwendokasi. Nikimaliza kuandika sentensi hiyo najua nitaitwa msaliti kijiweni, na huenda nikafika mwenyewe kwenye orodha ya kwanza ya watakaoandikiwa. Sawa. Ila kwa abiria asiye na kofia naomba mzingatie jambo moja, kwamba faini ikimwangukia dereva peke yake tutaendelea kubishana na abiria kila safari. Abiria naye akiguswa, ubishi utaisha ndani ya mwezi. Wale wanaokimbia wasikimbizwe. Namba ya pikipiki inasomeka, kijiwe kinajulikana, na viongozi wetu wa vijiwe wakipigiwa simu jioni kwa utaratibu unaoeleweka wataleta mtu wao. Kwetu imeshawahi kufanyika kwa makubaliano ya mdomo na askari mmoja, ikafanya kazi mpaka alipohamishwa.

Usilazimike kuanza nchi nzima. Chagueni barabara moja na vijiwe vyake, jaribuni kwa miezi mitatu, na maonyo yote yaliyotolewa yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiwe hivyo bila majina, kosa na idadi tu. Kijiwe chetu tumekaa kikao juu ya jambo hili mara mbili. Hatukukubaliana kwa yote, hasa lile la mwendokasi, lakini tulikubaliana kwamba mkitutaka tuwe wa kwanza hatutakataa, na kwamba kofia za abiria tutaanza kununua wenyewe kwa mchango wa kila wiki kabla hamjaja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa bodaboda,
Dar es Salaam.