Sahihi nne za mume mmoja

Ndugu Mhariri,

Nilikuwa balozi wa nyumba kumi hapa Makorora, Tanga, na daftari langu la mashauri bado ninalo. Juzi nikilipekua nimekuta sahihi ya mume mmoja mara nne, kila alipompiga mkewe, na maneno ni yale yale: "Sitarudia tena." Ya nne imepinda, siku hiyo alikuja amelewa. Chini ya kila moja ipo sahihi yangu, shahidi.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: wazee wanaitwa, mke anasema, mume anainamisha kichwa, soda zinaagizwa, watu wanapeana mikono. Nikajiona msuluhishi. Hakuna aliyerudi wiki ya pili kumuuliza mke hali ikoje, na nyumba yao ni ya tatu kutoka kwangu.

Mara ya tano mke hakuja kwangu. Alikwenda polisi, dawati la jinsia, akapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, mume akawekwa ndani. Nilifurahi, sifichi. Kesho yake asubuhi nikakutana naye njiani, jicho moja limefumba, mkononi hotipoti: anampelekea mumewe chai na chapati mahabusu. Siku ya tatu akaenda mwenyewe kuomba yaishe. Mume ni mvuvi wa dagaa, asipoingia baharini watoto hawali.

Sheria tunazo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mume au mke kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo. Na wanaosema "wakamatwe tu" nawaelewa. Huko Minneapolis, Marekani, mwaka 1981 na 1982 polisi walipima: kwa kumbukumbu zao, waliokamatwa walirudia asilimia 10 ndani ya miezi sita, walioamriwa tu watoke nyumbani kwa saa kadhaa asilimia 24. Lakini jaribio kama hilo lilipofanywa Milwaukee, wasio na kazi waliokamatwa ndio waliozidi kupiga. Mimi halikunishangaza. Wa hapa kwetu hutoka mahabusu na hasira mpya, na anayeibeba ni yule aliyepeleka hotipoti.

Mahakama zetu zinaweza kumwachia mkosaji kwa masharti, chini ya afisa wa uangalizi. Naomba masharti hayo yatumike kwa kesi hizi, tena yawe na meno. Mume ahudhurie vikao na wenzake mbele ya ofisa ustawi wa jamii, aulizwe alichofanya na alichokuwa anakitaka alipoinua mkono. Mawaidha amekwishayasikia kwangu mara nne. Pombe ishughulikiwe kivyake. Asipofika, arudi kwa hakimu. Mke naye aulizwe faragha, mume asipomsikia. Na kisingizio cha bahari kisikubaliwe: dagaa huvuliwa kwa taa gizani, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wako barazani wanacheza bao.

Yule bwana yuko nje, huu mwezi wa pili. Jana nilipiga hodi kwao. Mke akafungua mlango nusu, akaniangalia, akasema, "Baba balozi, leo umekumbuka nini?"

Balozi mstaafu,
Makorora, Tanga