Kwa Somoe, habari ya Abdu

Somoe shoga yangu,

Assalaam aleykum. Huku Nachingwea wazima, korosho tunaokota huku tunaikimbiza mvua, malipo bado. Hayo tutayaongea siku nyingine. Kilichonishikisha kalamu usiku huu ni habari za Abdu alizoniletea Mama Zuhura. Eti akinyamaza unamuuliza kama anasikia sauti, akicheka na simu unamwita Bi Fatu aje amtazame. Na juzi ukamwambia mbele ya wenzake, "Utaishia kama baba yako."

Shoga, neno hilo usilirudie tena.

Hofu yako naijua. Wewe ndiye uliyempeleka kaka yako, baba yake Abdu, mpaka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ukayaona kwa macho. Wala sikudanganyi kwamba damu haihusiki, inahusika. Mwanangu anayesomea uuguzi amenieleza: katika watu 100, skizofrenia, ugonjwa wa akili ule wa kaka yako, humpata kama mmoja. Mzazi mmoja akiwa nayo, katika watoto 100 huwapata kama 10. Imepanda, ndiyo, lakini wahesabu na waliobaki, Somoe, ni 90! Hata mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake husalimika. Ingekuwa damu peke yake wangeugua wote.

Tena hakuna kinasaba kimoja cha kichaa. Ni vingi mno, kila kimoja kinachangia kidogo, halafu maisha nayo yanatia yake: uzazi mgumu, kipigo na masimango utotoni, bangi ujanani. Kule Ufini mtafiti Pekka Tienari na wenzake walifuatilia watoto waliozaliwa na mama wenye ugonjwa huu wakalelewa na familia nyingine. Walioangukia nyumba za ugomvi na lawama waliugua zaidi kuliko waliopata nyumba tulivu. Nilipoambiwa hayo nikakuwaza wewe papo hapo. Damu ya Abdu hatuwezi kuibadilisha, ila nyumba anayolala ni yako.

Na lile kundi la bangi la ufukweni analokaa nalo ndilo linaloninyima usingizi. Bangi kwa kijana yeyote ni hatari, kwake yeye mwenye urithi ule ni hatari zaidi. Hapo kuwa mkali, sikukatazi. Lakini ongea naye mkiwa wawili tu, akishakula, umweleze sababu. Ana miaka 17, ataelewa, na wewe ndiye shangazi yake, hana mwingine wa kumweleza. Hamisi naye na gongo lake la mabibo... mwambie asimwonjeshe hata kwa utani.

Ukimwona anakesha usiku kwa usiku, anajifungia, anashuku kila mtu anamsema, hapo usingoje. Mpeleke hospitali ya Ligula. Baba yake alizungushwa kwa waganga mpaka ugonjwa ukakomaa ndipo akapata dawa, na wewe unajua zile siku zilivyokuwa. Lakini kijana kununa au kutaka kukaa peke yake, wetu wote hufanya hivyo.

Sasa niambie, usiku analala? Shule anakwenda bila kusukumwa? Baba yake bado anameza dawa zake, na Abdu huwa anakwenda kumwona, au mnamficha? Amewahi kukuuliza mwenyewe kama yatampata? Ulimjibu nini? Na likizo hii utamruhusu aje kwangu atusaidie kuokota korosho? Nauli natuma mimi, wewe nipe siku tu.

Wako,
Mama Rehema