Yule kemboi wa Beirut

Shosti wangu,

Salama weye? Huku twashukuru, joto tu na stima kupotea kila magharibi. Voisi yako nimeisikiza mara mbili, ile ya madam unaemfanyia kazi za nyumbani huko ng'ambo kukuhesabia mayai kwa friji, nikacheka halafu cheko likanikauka.

Sasa ile muvi ulosema huna moyo wa kuitazama, Capernaum, mie nimeitazama jana watoto wakishalala. Ni ya Lebanon, 2018, dairekta ni mwanamke, Nadine Labaki. Watu wote husimulia yule kijana anaewashtaki wazazi wake kortini ati kwa nini walimzaa, na ni kweli yule mtoto ni moto, lakini mie alonimaliza ni Rahil.

Rahil ni Mhabeshi, na ni kemboi haswa, yaani mfanyakazi wa nyumbani alotoroka, katoroka kwa madam na mimba yake, sasa apiga deki mahali pa bembea, mtoto kamficha chooni humo humo kazini amnyonyeshe kwa wizi. Karatasi zake feki zakaribia kuisha na yule jamaa wa kutengeneza nyingine ataka pesa nyingi, kama hana basi ampe mtoto. Wangapi twawajua hivyo, wewe na mie? Sisi tumezoea shagala, yule mtumishi wa nyumbani, wa kwenye tamthilia, aleta chai apotea, hana jina, akiwa mweusi ndo kabisa, wa kuchekwa. Huyu ana jina, ana hasira, ana mtoto anaempenda mpaka unaona haya kuangalia.

Halafu ngoja. Hawakuchukua maakta wa kupaka rangi. Zain, yule kijana, alikua mkimbizi wa Syria kweli. Yordanos Shiferaw alocheza Rahil hakua na karatasi kweli, na walipokua washuti akashikwa kikweli, siku chache tu baada ya kuigiza anashikwa, dairekta akaenda kumdhamini! Na yule mtoto mchanga, kwenye muvi ni wa kiume lakini ni msichana, na mamake ni Mkenya, wetu huyo, babake Mnaijeria, nao wakashikwa muvi haijaisha. Nilisimamisha simu nikatoka nje kidogo.

Walishuti miezi sita ili wale watu waende mwendo wao, na yaonekana, hakuna mtu anaekariri.

Ila nina neno. Wakili wa yule kijana kacheza Labaki mwenyewe, sijui kwa nini, katikati ya watu wale wote nikawa namuona yeye tu na nguo zake safi. Na Rahil mbona hana shosti? Nyinyi huko mna Ijumaa zenu, mnasukana, mnamwiga madam mpaka mbavu zauma, mnachangiana mtu akifiwa nyumbani. Hayo hayamo kwenye muvi. Kule Cannes, kwenye tamasha la muvi la Ufaransa, wakaipa tuzo ya majaji na wakapiga makofi sana, lakini machozi yetu yanajulikana tayari, mie nataka siku moja nione vile mnacheka jikoni madam akitoka.

Ukiitazama usiitazame chumbani kwako peke yako usiku. Ngoja Ijumaa, mkiwa wengi. Na ile sehemu ya chooni, yule mwenzako aloacha mtoto wa miezi minne huku, mtoe nje kwanza.

Pesa ya fizi ya shule ilifika, nimelipa, risiti natuma kesho.

Wako wa Likoni