Mashine zikifika shambani kwenu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Umeniuliza kama mashine za kuchuma chai zitawaondoa nyote hapo Kericho. Nyote, sidhani. Wengi, naam.

Mashine ya mkono hushikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, na mfuko ukifuata nyuma. Hukata chochote kilicho juu ya meza ya chai, yaani ule uso wa juu wa michai uliokatwa ukawa sawa. Haichagui majani mawili na chipukizi kama vidole vyako. Meza isipokuwa sawa, huzoa vijiti na majani magumu. Kisu kikiwa butu, jani huchanika na kuanza kuwa jekundu kabla ya kufika kiwandani. Ndiyo maana huanzia penye tambarare, kwenye michai iliyosawazishwa vizuri. Miteremko mikali na chai changa hubaki kwa mkono. Angalia basi sehemu unayochuma wewe iko wapi.

Wakikuita kujifunza mashine, nenda, ila uliza kwanza: malipo ni kwa kilo au kwa siku? Kilo hizo mnagawana wangapi?

Sasa lililo zito. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, humtaka mwajiri anayepunguza watu aarifu chama chako cha wafanyakazi na afisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, akitaja sababu. Katika kuchagua wa kuondoka azingatie ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu. Akulipe likizo uliyobakiza, mshahara wa mwezi kama hakukupa notisi, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Miaka 11 ni siku 165.

Hapo ndipo watu hupunjwa, kwa kuambiwa walikuwa vibarua tu. Lakini kifungu cha 37 kinamlinda kibarua ambaye siku zake za mfululizo zimefikia mwezi mmoja: huhesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Ushahidi ni wako kuuweka. Payslip (hati ya mshahara), kadi ya chama, rekodi za NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), risiti za mizani, zote zipige picha leo.

Hasira iliyochoma mashine hapo Mei 2023 naielewa, maana kilo hizo ndizo karo na unga. Ila moto haukumlipa mtu hata siku moja ya zile 15.

Wakikuletea karatasi ya kuondoka kwa hiari, usitie sahihi kabla katibu wa tawi hajaisoma. Ukishakubali kwa hiari, kudai haki za kifungu cha 40 huwa kugumu. Nitumie nakala nami, tupige hesabu pamoja.

Rafiki yako wa siku zote