Simu inasoma herufi, haijui ni za lugha gani

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika safu hii kwamba siku hizi asiyeona hana haja ya kuwasumbua wachapishaji, kwa kuwa simu inapiga picha ukurasa na kuusoma papo hapo. Kwa barua fupi au maelezo ya dawa ni kweli, nami naitumia. Lakini mimi ni mtafsiri, sioni tangu utotoni, na vitabu ninavyofanyia kazi vina lugha mbili au tatu ndani ya jalada moja: kamusi, vitabu vya kujifunzia lugha, mashairi yaliyochapwa pamoja na tafsiri yake, vitabu vya dini vyenye Kiarabu juu na Kiswahili chini. Hapo mambo ni mengine kabisa.

Programu ya kutambua maandishi hukisia herufi kutokana na umbo lake, kisha hujisahihisha kwa kile inachokijua kuhusu lugha uliyoichagulia. Ukichagua Kiingereza peke yake, Kiswahili kinatoka kimevunjika: "m" inagawanyika kuwa "rn", ng'ombe anapoteza ritifaa yake. Herufi "é" ya Kifaransa inageuka tarakimu 6. Kiarabu ndicho kinachoumia zaidi, maana kinatoka kikiwa rundo la nukta, mabano na alama za mshangao, na hata baada ya kukichagua, irabu zilizo juu na chini ya herufi bado huichanganya programu. Dawa ni kuchagua lugha zote zilizomo kitabuni, na si moja zaidi. Programu ya Tesseract, ambayo ni ya bure na inatambua lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo, inakubali uziunganishe kwa alama ya kujumlisha: swa+eng+ara. Wapo wanaoongeza lugha nyingine "za tahadhari". Wasifanye hivyo, kila lugha ya ziada inapunguza kasi na kuongeza nafasi ya kukosea.

Kuskani kwenyewe kuna ufundi wake. Nukta 300 kwa inchi zinatosha maandishi ya kawaida. Kwa tanbihi ndogo napanda hadi 400 au 600. Karatasi ikiwa nyembamba, maandishi ya upande wa pili yanapenya na kuingia kwenye sentensi, kwa hiyo naweka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa. (Hili sikulisoma kwenye mwongozo wowote wa skana, nadhani wanaoandika miongozo hawaskani vitabu.) Kwa vitabu vyenye lugha mbili, ugomvi mkubwa ni safu. Programu isipotambua kwamba kuna safu mbili, husoma moja kwa moja hadi ukingoni: nusu sentensi ya Kiswahili, nusu ya Kiingereza, nusu ya Kiswahili tena. Anayeona hutupa jicho akagundua mara moja. Mimi nagundua baada ya kusikiliza kwa muda nikijiuliza kama mwandishi alikuwa na homa.

Tuseme yote hayo yamekwenda sawa na kila herufi imekaa mahali pake. Bado kitabu hakisomeki. Mara nyingi kinachotoka ni maandishi matupu, hayaelezi wapi lugha moja inaishia na nyingine inaanzia. Kisomaji cha skrini ninachotumia, yaani programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta, ni NVDA, kilichoanzishwa na Michael Curran mwaka 2006 na kinachopatikana bila malipo. Sauti yake ya eSpeak NG ina Kiswahili, na kinaweza kubadilisha lugha chenyewe katikati ya sentensi, mradi faili limekiambia. Tahajia haiwezi kukijulisha: "wake" na "pale" ni maneno halali ya Kiswahili na ya Kiingereza vilevile. Nukta nundu, maandishi yetu ya kusoma kwa vidole, nayo haisalimiki, kwani vifupisho vyake vya Kiingereza vikilazimishwa juu ya Kiswahili, vidole vinakutana na vitendawili.

Kwa hiyo nakaa na kuchagua aya baada ya aya, kila moja naiwekea lugha yake kwa mkono. Riwaya yenye sentensi chache za kigeni naivumilia. Kwa kamusi, ambamo lugha hubadilika mara kadhaa ndani ya mstari mmoja, nimesalimu amri. Naiacha kwenye sauti ya Kiswahili, nayo ikikutana na "enough" hutamka kila herufi kwa uaminifu wa kusikitisha.

Na kumbe faili lenyewe lipo kwa mchapishaji, safi, bila "rn" hata moja! Kitabu cha EPUB, muundo wa kawaida wa vitabu vya kielektroniki, kinaruhusu kila neno kubeba alama ya lugha yake. Kanuni za kimataifa za WCAG, zinazoeleza jinsi ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, zinalitaja jambo hili waziwazi katika kipengele 3.1.2. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Juni 2025, vitabu vya kielektroniki vinavyouzwa vinatakiwa viwe vya kusomeka na watu wenye ulemavu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulitufungulia mlango kwa kuruhusu nakala zitengenezwe kwa ajili yetu bila kwanza kumwomba mwenye hakimiliki. Ila kuruhusiwa kuskani si sawa na kupewa faili. Mkataba umeniondolea hofu ya sheria. Kazi ya kuweka alama imebaki mikononi mwangu.

Najua jibu la wachapishaji: faili litaibwa. Anayetaka kuiba ana skana kama yangu, na kwa kuwa anaona, hahitaji alama za lugha.

Ombi langu ni dogo. Kwenye ukurasa wa hakimiliki waweke anwani ya barua pepe ambako asiyeona aliyenunua kitabu ataomba faili, likiwa na lugha zilizowekewa alama. Waanze na kamusi. Na kama faili la kitabu cha zamani limepotea, wajibu hivyo hivyo, ili niwashe skana mapema badala ya kungoja.

Mtafsiri asiyeona